Sala Uliyomkataza Mama

Didia,
kwa njia ya Posta ya Shinyanga.
14 Novemba 1953.

Mpendwa mdogo wangu Pantaleo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima wa mwili na roho, unakula ukashiba, na yale macho yaliyokuwa yakikuuma yamepata nafuu. Ulituandikia kwamba sasa unavaa miwani. Mama yako Esta aliposikia habari hiyo alihangaika kweli, akaniuliza kama mtu asiyeona vizuri wanaweza kumkataa kwenye upadri mambo yakiwa yamekwisha kuiva. Nilimwambia mapadri wote tunaowajua wana miwani, wengine na upara juu yake, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Akacheka, akaenda kulala.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka na kulima. Mama yangu Serafina miguu inamvimba tangu kiangazi, lakini hataki kusaidiwa. Ukimshika mkono anauondoa. Mama Esta ndiye anayemkanda kwa maji ya moto jioni, na kwake anakubali. Halafu wanagombana kuhusu chumvi, kama kawaida yao. Ukiwasikia hutadhani ni wake wenza waliozeeka pamoja, utadhani ni wasichana wawili kisimani. Watoto wangu, Donatus na Generosa, wanakua, na wanakula kuliko wanavyofanya kazi.

Mume wangu Eustace bado yuko mgodini Geita. Alikuja wakati wa kuvuna pamba, akakaa kidogo, akarudi. Alfajiri moja nilimsikia akikohoa nje, kile kikohozi kikavu ambacho nyumba hii inakijua. Nilipomwuliza alisema ni baridi. Nawe ukimwandikia usimwambie kitu.

Mvua imeanza kwa uchoyo. Tumepanda mtama, karanga tunamalizia, pamba inangoja. Ng'ombe wamekonda lakini hakuna aliyekufa. Njaa haipo, maana michembe ya viazi ilikauka vizuri mwaka huu na ghala limejaa. Sijui huko Tabora kama mnaonjeshwa michembe au ni vyakula vya kizungu tu siku hizi.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwaliko. Tumeipata. Niliwasomea mama zetu wote wawili, wakapiga vigelegele hata majirani wakaja mbio kuuliza nani kaposwa. Kwamba Januari utakuwa padri, na Misa yako ya kwanza utaisoma hapa hapa misheni kwetu, hilo ukoo huu haujawahi kuliona. Usidhani sifurahi. Nimefurahi, na nimekasirika, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha hivyo viwili.

Umeandika kwamba siku hiyo watu watasomewa habari za maisha yako: kwamba wewe ni mtoto wa marehemu Ngeleja na Esta, na kwamba baada ya kufiwa ulilelewa na baba mdogo. Ndivyo ulivyoandika, baba mdogo, basi. Hukumtaja hata jina. Mabula, baba yangu, ambaye tangu ulimi wako uanze kutamka nawe ulimwita baba, leo amekuwa baba mdogo asiye na jina. Nilipofika hapo mama yangu alinitaka nirudie. Mama Esta akasema huenda wino ulikuwa unakwisha.

Lakini wino haukuisha, kwa sababu chini yake umeomba dume la karamu, "lile jeusi kama bado lipo." Dume hilo ni la zizi la nani, Pantaleo? Ngeleja hakuacha hata ndama. Kumbe ng'ombe wa Mabula wanafaa kuingia misheni, mwenyewe tu ndiye hafai.

Labda huko mnafundishwa mengi mpaka mengine yanadondoka. Nitakukumbusha, maana wewe ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa na umri wa kuona. Baba yako Ngeleja alipofariki, wazee walikaa wakamkabidhi mdogo wake Mabula mjane na mtoto, kama ilivyo desturi yetu. Mjane alikuwa Esta. Mtoto alikuwa wewe, unatambaa na kula udongo. Baba Mabula wakati huo alikuwa anafundishwa dini, tena alikuwa amekaribia kabisa ubatizo, na jina alikuwa amekwisha kulichagua, Kalisti. Akaambiwa mwenye wake wawili habatizwi, amwache wa pili. Alijibu neno moja tu, mama hulisimulia mpaka leo. Alisema, "Nikimwacha Esta, huyu mtoto atakula kwa nani?" Akabaki nje.

Mama yangu alibatizwa, kwa kuwa alikuwa mke wa kwanza. Jumapili baba alitupeleka misheni wote, kisha akakaa nje ukutani, kofia juu ya magoti, mpaka tutoke. Wewe ulipoanza kutumikia altareni alihamia karibu na dirisha ili akusikie ukijibu Kilatini. Hakuelewa neno hata moja, naye njiani aliwaambia watu kwamba hukukosea mahali popote.

Ulipochaguliwa kwenda seminari ndogo ndipo alipokwenda Geita. Alikuwa mtu wa jembe na ng'ombe, hakuwa mtu wa mashimo. Alikwenda kupasua mawe chini ya ardhi ili wewe uwe na kanzu, na blanketi, na viatu kama wenzako. Alirudi na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Ulimwona mwenyewe likizo ile, alivyokuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, akiomba radhi kila akikohoa kwa sababu unasoma. Wanasema fadhila za punda ni mateke. Lakini punda hajasoma seminari.

Na ni katika likizo hiyo hiyo ulipomfundisha mama ile sala ya De profundis. Nakumbuka ulivyomkalisha jikoni, yeye anasaga mtama, wewe unatamka, yeye anarudia. Kusoma hajui, akaishika yote kwa masikio, kuanzia de profundis clamavi ad te, Domine, hadi mwisho wake. Alijivunia sala hiyo kuliko wengine wanavyojivunia shanga. Ulimwambia ni ya kuwaombea marehemu, isemwe jioni kengele ya pili inapolia. Maana yake hukumwambia, naye hakuuliza. Alisema maneno ya Mungu ni dawa, na mgonjwa haulizi mzizi ulichimbwa wapi.

Kisha baba akafa. Wazee walichinja ng'ombe, wakamviringisha katika ngozi, wakamchimbia kaburi ndani ya zizi lake, kama azikwavyo mwenye mji. Wewe ulipewa ruhusa ukaja. Ulisimama nje, kwenye ua wa minyaa, na kanzu yako nyeupe, wewe na mwenzako wa seminari mliyefuatana. Zizini hukuingia.

Mama alitoka kaburini akakufuata pale uani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimembeba Donatus mgongoni, kwa hiyo usiniambie kwamba sikusikia vizuri. Hakukuomba uje kaburini. Aliona unaogopa damu ya ng'ombe na macho ya mwenzako. Alikuomba mseme, wewe na yeye, pale pale mliposimama, ile sala uliyomfundisha. Nawe ukamjibu, "Mama, ile si ya watu wa namna hii."

Mama akakuambia, "Haya, baba." Akarudi zizini.

Yaliyofuata huyajui, kwa sababu ulirudi seminari na sisi tukabaki. Basi yasome sasa.

Tangu wakati ule, na sasa ni miaka minane, mama hajaacha sala hiyo jioni. Amemwombea mtoto wake aliyekufa mchanga akiwa amebatizwa. Amemwombea katekista mzee aliyemtangulia huyu wa sasa, Selestine. Amewaombea masista waliofia kwao Ulaya, ambao hata sura zao hakuziona, kwa sababu tu majina yao yalitangazwa kanisani. Ila baba alirukwa. Tena haikuwa kumruka tu. Alikuwa na hofu kwamba maneno matakatifu yakimwangukia asiyestahili yatachafuka, au yatamzidishia adhabu huko aliko. Kwa hiyo kila alipokuwa katikati ya sala na uso wa baba ukamjia, alikatiza, akafanya ishara ya msalaba, akaanza upya tangu de profundis. Ziko jioni alianza upya na kuanza upya mpaka ugali ukapoa. Sisi tulidhani ni uzee, anasahau maneno. Donatus alikuwa akimcheka na kumwigiza, nami nilikuwa nacheka kidogo.

Haya yote tumeyajua mwaka huu tu, na nitakueleza ilivyokuwa.

Tumeletewa padri kijana, mgeni kutoka Ulaya, anayejifunza Kisukuma. Wakubwa wake wamemwambia akae na wazee, asitegemee vitabu, naye akamchagua mama. Huja kwa baiskeli, hukaa kwenye kile kigoda kifupi magoti yakimfika kidevuni, akauliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Husema "wadila, mayu," ambayo ni salamu ya mchana kwa mama, hata jua likiwa halijapanda, na mama humwitikia vivyo hivyo asije akamwaibisha. Ni mtu mwema. Masikio yake huwa mekundu muda wote.

Mwishoni mwa Oktoba alitukuta tunabangua karanga za mbegu. Tulikuwa tumetoka kumzika jirani, na mama alikuwa anaisema sala yake chini chini huku vidole vikifanya kazi. Padri akasimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza nani kamfundisha. Mama akajibu kwa maringo, "Mwanangu, shemasi." Padri alifurahi mno. Akasema Siku ya Marehemu imekaribia, naye angependa kuhubiri juu ya sala hiyo kwa Kisukuma, basi mama amsaidie kuigeuza: yeye aeleze maana, mama ampe maneno. Mimi nikakaa kati yao, kuwasaidia kwa Kiswahili pale watakapokwama.

Walianza vizuri. Kutoka mahali pa kina nimekulilia, Bwana. Mama akauliza kina cha namna gani, padri akasema chochote ambacho mtu hawezi kupanda mwenyewe akatoka. Mama akampa neno. Bwana, sikia sauti yangu. Hilo lilikuwa jepesi. Kisha padri akasema, yanayofuata maana yake ni hii: kama wewe, Bwana, ungekuwa unayaangalia makosa, Bwana, nani angebaki amesimama? Akafafanua kwamba hataki neno la kutazama tu. Anataka kuangalia kwa namna ya mchungaji anayesimama mlangoni mwa zizi jioni, akihesabu ng'ombe mmoja mmoja wanavyoingia. Mama akampa neno hilo pia. Halafu mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Akauliza, "Hayo ndiyo ninayoyasema?"

Padri akasema ndiyo, mayu, ndiyo hayo.

"Namwambia Mungu asihesabu?"

Padri akamjibu kwamba anamwambia Mungu kuwa akihesabu hakuna atakayesimama, awe padri au askofu. Na kwamba kwake Mungu iko huruma, tena tele. Mama akauliza ni sala ya kina nani. Padri akasema ya marehemu wote. Hapo mama akamwuliza kama ni pamoja na mtu aliyekuwa na wake wawili, akafa bila ubatizo, akazikwa zizini.

Padri alidhani Kisukuma kimemshinda, akanitazama. Nikamrudia kwa Kiswahili. Masikio yake yakazidi wekundu. Akasema Kanisa lina sheria zake juu ya makaburi yake na ibada zake za maziko, na hizo yeye hawezi kuzigeuza. Lakini mke kumwombea mumewe nyumbani kwake, kwa sala hiyo au kwa nyingine yoyote, hilo halijakatazwa na mtu tangu Kanisa liwepo. Padri hakukataza, askofu hakukataza, Baba Mtakatifu mwenyewe hakukataza. Akauliza, "Nani alikukataza, mayu?"

Mama aliinama akaendelea kubangua. Mimi ndiye niliyejibu. Nilimwambia ni mwanawe, shemasi. Kwa hiyo siku utakapokutana na padri huyo, akikutazama kwa jicho usilolielewa, ujue ni mimi, usimdhanie mama.

Mama alikuwa na swali moja lililobaki. Alimwomba padri arudie lile la kusimama. Padri akalirudia polepole. Mama akasema asante, akajitwika ungo wake, akaingia ndani.

Jioni ile kengele ililia, naye akakaa tu, mikono mapajani. Kesho yake vilevile. Mama huyo, aliyekuwa akipiga magoti hata akiwa na homa! Mama Esta alimbembeleza, nami nilimbembeleza, hakupiga magoti. Baadaye tulikuwa shambani, akaegemea jembe, akaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumzia mawingu, "Melania, kila nilipoanza upya, ilikuwa nimekwisha kumshika mkono. Nikamwachia."

Niliendelea kulima. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nakutukana wewe, nakuambia kweli ili usisikie kwa wengine.

Kinachonichoma ni kwamba wewe ulijua. Mama alikuwa gizani, mimi nilikuwa gizani, wazee waliochinja ng'ombe walikuwa gizani. Wewe ulikuwa umesoma Kilatini miaka mingi, na kila neno la sala ile ulijua linasema nini. Ulisimama pale kwenye minyaa ukiwa na maneno hayo kifuani, ya mtu anayemwomba Mungu asihesabu, nawe ukahesabu. Ulimhesabia mtu aliyetiwa doa kwa ajili yako. Huyo mke wa pili alikuwa mama yako wa kukuzaa, Pantaleo! Kosa la Mabula ni wewe. Umevaa kosa lake mwilini, umelivaa miguuni, na Januari utapanda nalo altareni.

Najua uliogopa. Mwenzako alikuwa kando yako, na ulifikiri atakwenda kusema kwamba Pantaleo anatoka kwa wapagani, amesali kwenye damu ya tambiko, nao wakurudishe nyumbani. Naielewa hofu hiyo, na mtu anaweza kuogopa siku moja. Ila ukirudi ulikuwa na kalamu, ulikuwa na karatasi, ulikuwa unatuandikia kila Noeli na kila Pasaka kutueleza habari za mpira na za mazoezi ya nyimbo. Mstari mmoja ungetosha. Mama, nilikosea, mwombee tu. Mimi ningemsomea, naye angemshika baba mkono asimwachie tena.

Tena nikuulize. Utakuwa padri wa nani? Nusu ya wanaume wa Didia ni hao watu wa namna hii. Wajane wao watakuja kwako na vikapu vyao vya mayai, wakuulize kwa aibu kama wanaruhusiwa kuwataja waume zao kwa Mungu. Utawajibu nini? Nimewafikiria wanawake hao kuliko ninavyofikiria karamu yako. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Siku ya Marehemu padri alihubiri. Kisukuma chake kilichechemea, lakini maneno yalikuwa ya mama, niliyatambua moja moja. Watu walikuwa wanaguna kwa kukubali, hata Selestine. Mama mwenyewe hakuwapo. Niliporudi nilimkuta zizini na Mama Esta, ng'ombe wamekwisha kwenda malishoni, wao wamekaa kwenye samadi kavu pale alipolala baba. Mama alikuwa anaisema kwa Kisukuma. Alifika kwenye kusimama, sauti ikakatika. Akarudia mwanzo, ikakatika pale pale. Ikabidi Mama Esta amalizie, vibaya vibaya, maana haijui. Tangu hapo ndivyo wanavyosali. Mama huanza, Esta humaliza, na mahali pale sauti ya mama haivuki.

Mimi nilimwambia mama tusije kwenye Misa yako. Nilimwambia dume tulitoe, tusigombane kwa ajili ya nyama, ila sisi tubaki kwetu. Alinikaripia kama mtoto. Akasema yeye atakwenda hata kwa kutambaa, maana wewe ni mtoto wake na alikulisha kwa mkono wake. Mama Esta naye atakuja, bila shaka, na kitenge kipya amekwisha kununua. Mama Esta nilimwuliza ana neno gani la kukuandikia juu ya mambo haya, akasema yeye ni mzazi wako, hana neno, niandike nitakavyo. Kisha akafunika uso kwa kanga.

Mama Serafina ana ombi, na ombi hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alimwuliza padri kama ndani ya Misa kuna mahali pa marehemu. Padri akamweleza kwamba baada ya mageuzo, mkate na divai vikisha kugeuzwa, padri hufunga mikono, huinamisha kichwa na kunyamaza kidogo, na hapo huwataja kimoyomoyo wafu anaotaka kuwaombea. Hasikiki na mtu. Wewe unayajua hayo kuliko mimi.

Anakuomba umtaje Mabula hapo. Hakuombi ubadilishe yatakayosomwa mbele ya watu. Wakisoma baba mdogo, na wasome. Hakuombi uje zizini. Hakuombi umweleze askofu wala mwenzako yeyote. Anaomba hapo tu, katika Misa yako ya kwanza, mahali ambapo hakuna wa kukusikia wala wa kukucheka.

Nilimwambia, "Mama, hutajua. Sisi tutauona mgongo wake tu. Anaweza kunyamaza pale asimtaje mtu, nawe ukarudi nyumbani umeridhika bure."

Akaniambia, "Siombi ili nijue. Naomba ili atajwe."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Sikuongeza wala sikupunguza. Hataki umjibu kwa barua. Mimi nilitaka akulazimishe ujibu, akakataa, akasema jambo hilo haliandikiwi.

Dume jeusi lipo, na litafika misheni siku mbili kabla. Waambie wanaopika wasiwe na wasiwasi.

Mama Esta anakusalimu, na anataka picha yako yenye miwani. Mama Serafina anakusalimu sana. Amekuwekea karanga alizozichagua mwenyewe, na anasema Tabora kuna upepo asubuhi, usitoke kifua wazi. Donatus na Generosa wanakuamkia, shikamoo mjomba. Selestine naye anatuma salamu, ameanza kuwafundisha watoto wimbo wa kukupokea na wanaukosea vizuri. Nasi utusalimie wenzako, pamoja na huyo mliyefuatana siku ile kama bado mko wote.

Mungu akulinde mpaka siku ya Misa yako na siku zote baada yake. Yeye hahesabu, ndivyo sala inavyosema. Mimi bado nahesabu. Uniombee.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na uchungu wangu,

Melania binti Mabula